Mavuno Tisa ya Ibumba

Walikuwepo watatu katika milima ya Rungwe, kila mmoja na kipaji chake. Ambokile, kompyuta ilimsikiliza. Subilaga, hakuna mlima uliomshinda miguu. Lwitiko, mwimbaji wa kwaya, yeye alijua kusikiliza watu. Wakaungana kutengeneza mchezo wa kompyuta wa vita vya zamani, vya machifu wawili: mmoja rangi nyekundu, mwingine buluu.

Ambokile akaweka kanuni: jeshi ni kama moto jikoni. Aliye karibu anaungua, aliye mbali anapata vuguvugu tu. Kijiji kinashika rangi ya jeshi linalokipa joto zaidi. Bila yeye, nchi ingekuwa ya yeyote aliyepita mwisho.

Subilaga akapanda na kushuka miezi minne, akachora mito na makorongo. Bila yeye, majeshi yangevuka milima kama kunguru, bila hata kuhema.

Lwitiko akakaa na vikongwe, akarudi na neno lao: "Jeshi likipiga kambi, mwanzo watu wanaliogopa tu. Kulitii kunakuja baada ya mavuno mawili." Bila yeye, vijiji vingebadilika rangi kila dakika.

Mchezo ukapendwa. Chuo kimoja cha mjini kikaandika: tutamsomesha mmoja wenu bure, miaka mitatu. Mmoja tu. Tuliguswa hasa na Ibumba, kijiji kidogo kilichozungukwa na wekundu kikabaki buluu.

Lwitiko aliposoma hapo, akaikunja barua. Ibumba ni kwao. Kwenye majaribio kilikuwa kinageuka chekundu kila mara, naye kwa kuwaonea aibu mababu zake akakipa, kwa siri, mavuno tisa badala ya mawili kabla ya kutii. Wiki nzima sala haikupanda. Jumapili baada ya ibada akawaita wenzake nyuma ya kanisa.

"Nimewakosea. Ibumba nilikipendelea. Nilibadilisha namba."

"Najua," akasema Ambokile. "Nilikuona."

"Ukanyamaza hata barua ilipokuja?"

"Kaka, na mimi nataka kusoma."

Wakamgeukia Subilaga. Alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Msinitazame hivyo. Mto wa Ibumba sikuufikia. Mvua ilinipiga, nikarudi. Kivuko nilikichora kwa kukisia, na wekundu wanapitia hapo hapo."

Lwitiko akaketi kwenye jiwe. Basi huenda kivuko hakikuwepo, wekundu hawakufika, na uongo wake ndio ulioirudisha kweli mahali pake. Au kilikuwepo, na babu zake walipiga magoti. Asingejua hata kama angefunga siku arobaini.

Wakakiandikia chuo yote, bila kuficha. Chuo kikajibu: "Tumesoma. Nafasi ni ile ile moja. Leteni jina kabla ya Ijumaa."

Alhamisi jioni karatasi iko mezani, tupu. Kila mmoja anamsukumia mwenzake kalamu, na kila mmoja anaitaka nafasi.

Haya, mliokaa hapa mkanisikiliza. Aandikwe nani? Mwenye moto, aliyeona akanyamaza? Mwenye miguu, aliyekisia? Au mwenye masikio, aliyedanganya kisha akawa wa kwanza kusema? Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina gani?