Bi Fusae na Korongo wa Chuma

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, umepauka na kutoboka hapa na pale, lakini ni wako, na umekwisha kuuzoea mgongo wako. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila huo umo kwapani mwa mpita njia, na mpita njia hana ahadi nawe. Wahenga waliotuachia onyo hili hawakuwahi kushika rimoti ya gemu. Wangeishika, bila shaka wangemtaja kwa jina Bi Fusae Kurimoto, dobi wa Mtaa wa Tachibana, jijini Osaka.

Bi Fusae alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa amefua na kupiga pasi mashati ya mtaa mzima, na vidole vyake vilifunga vifungo kwa kasi ya kutisha. Ilisemekana aliwahi kumvalisha daktari mmoja shati huku daktari mwenyewe akiwa mbioni kuwahi treni, na hakuna aliyepunguza mwendo. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba cha ukubwa wa mikeka sita, kama wapimavyo vyumba huko, mali ya chama cha wenye maduka. Humo, kila alasiri, wanawake saba waliokula chumvi nyingi walikutana kunywa chai, kutafuna biskuti za mchele na kucheza Korongo wa Chuma.

Hilo lilikuwa gemu la ndege moja inayopigana na maelfu, na lilikuwa na umri wa miaka thelathini na ushei. Mashine yake, ambayo zamani ilikuwa ya kijivu, ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Televisheni yake ilikuwa ya chogo, nzito kama ndama aliyegoma. Siku ilipoingizwa chumbani ilihitaji wanaume wanne na matusi yasiyo na idadi.

Kila vuli, mtaa wa Tachibana ulishindana na mtaa wa Kamome, ulio ng'ambo ya reli. Mchezaji mmoja kwa mmoja, kila mtu na mashine yake na ndege tatu za kupoteza. Atakayefika mbali zaidi ndiye mshindi. Bi Fusae alikuwa ameshinda miaka sita mfululizo. Mwaka ule, wiki tano kabla ya shindano, mwenyekiti wa chama, Bwana Takigawa, alibisha hodi chumbani, akavua viatu na kukohoa kikohozi cha mtu mwenye habari mbaya.

"Akina mama, chama kimekaa," alisema. "Bi Fusae akishinda, chumba hiki ni chenu miaka kumi ijayo. Akishindwa, tunakifanya stoo ya mashine za kuuzia soda."

"Na sisi twende wapi?" aliuliza mmoja.

"Nyumbani. Mkapumzike."

"Nyumbani kwangu kinachonisemesha ni jiko la wali tu," alijibu yule mama. "Nalo likishasema wali umeiva, basi. Halina hata umbea!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha juu juu. Bi Fusae alitazama nyuso zile sita, akahisi chumba kizima kimemkalia mabegani.

Woga ni mshauri mbaya. Kesho yake alijikuta katika duka la vifaa vya umeme la Bwana Shiomi, mwanamume wa makamo mwenye ulimi wa asali. Nje kulikuwa na bango: Leta la zamani, ondoka na jipya.

"Shangazi," Bwana Shiomi alisema, "shindano kubwa namna hii unalipiganaje na kifaa cha enzi za mawe? Tazama hii. Korongo wa Chuma huyohuyo, lakini ameoshwa! Hakwami hata nukta. Picha safi mpaka unaliona jasho la rubani."

"Rubani hatokwi jasho," alisema Bi Fusae. "Ana kofia."

"Utaliona ndani ya kofia, shangazi."

Kweli, picha ilikuwa ya kutia wazimu. Misumari ya mabawa ilihesabika. Mawingu yalikuwa laini hata mtu akatamani kuyafua. Jioni ile mashine ya manjano, kaseti yake na televisheni ya chogo vilipelekwa dukani, mashine mpya ikaletwa, na televisheni pana kama mlango ikatundikwa ukutani. Wanawake walishangilia. Mmoja tu hakushangilia: Bi Sadayo Nukaga, aliyekuwa ametumia miaka mingi kiwandani, akilehemu nyaya ndani ya mashine kama ile iliyoondoka.

"Husemi kitu, mwenzangu?" Bi Fusae alimuuliza.

"Nanywa chai," alijibu Bi Sadayo.

Msiba ulianza kesho yake. Gemu lile lina hatua saba. Katika hatua ya tano kuna mahali wachezaji hupaita Lango la Mvua, kwa kuwa risasi humwagika kutoka kila pembe. Bi Fusae alikuwa amelivuka mara nyingi kuliko alivyovuka barabara. Siku hiyo alikufa hapo. Akarudia, akafa. Wiki tatu alikufa langoni, asubuhi na alasiri, mara arobaini kwa siku. Risasi zilimjia kama mvua ya mawe juu ya bati, na kidole kilipobonyeza, ndege ilichelewa kuitika, kama mtumishi anayejifanya hajasikia.

Siku ya ishirini na mbili aliweka rimoti chini, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Imekwisha," alisema. "Sadayo, nimezeeka. Mwambie Takigawa alete soda zake."

"Umezeeka ndiyo," alisema Bi Sadayo. "Lakini mwezi uliopita pia ulikuwa mzee, na ulivuka. Nipe hiyo rimoti."

Alicheza hadi langoni, akafa kifo cha kondoo, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Nilijua! Sikiliza. Mashine yetu ya zamani ubongo wake ni mdogo. Risasi zikijaa kwenye kioo, inazidiwa. Inatembea kwa magoti. Unakumbuka pale langoni kila kitu huwa kinakwenda taratibu, kama ndani ya uji?"

"Nilidhani ni mimi ninayetulia."

"Ni mashine inayohema! Waliotengeneza gemu waliisikia ikihema, wakapanga risasi kwa kuhesabu pumzi zake. Sasa hawa wa leo wameona kuhema ni ugonjwa, wakautibu. Mashine imepona, mchezaji ndiye anayekufa. Tena hizi televisheni bapa huipamba picha kwanza ndipo zikakuonyesha, kama bibi harusi. Ile ya chogo haipambi kitu, ukibonyeza, imefika."

"Kwa hiyo vya zamani vilikuwa bora?"

"Nani kasema?" Bi Sadayo alicheka. "Magemu mengi ya zamani yalikuwa takataka. Mimi nimelehemu ndani yake, najua. Ila hili moja na mashine yake ni pete na kidole. Mwerevu gani alikwambia uwaachanishe?"

Bi Fusae alikuwa tayari anatafuta viatu.

Dukani, Bwana Shiomi alimwonyesha stoo ya nyuma. Vitu vyake vilikuwa ndani ya kizimba cha chuma, vikisubiri lori la kwenda kuvunjwavunjwa kesho yake asubuhi.

"Haiwezekani, shangazi. Vimeshaingizwa kwenye kompyuta kuwa ni chakavu. Na tangu lini mtu akarudisha jipya ili achukue kuukuu?"

"Jipya lako halina mkwaruzo. Hata nailoni ya juu sijaibandua."

"Utaratibu ni utaratibu."

Basi Bi Fusae alirudi katikati ya duka, mbele ya kaunta, siku ya mapunguzo, saa ya msongamano. Akakunja magoti taratibu, akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu. Duka zima liligeuka kutazama. Kikongwe kumsujudia muuza duka hadharani! Katika mji ule, heri kibanda kiungue kuliko aibu ya namna hiyo. Wateja walianza kunong'ona. Mama mmoja alirudisha pasi aliyotaka kununua, akatoka.

"Shangazi, inuka!" Bwana Shiomi alichuchumaa, jasho likimtiririka, hili la kweli, lisilohitaji picha safi. "Wanatazama!"

"Waache watazame," ilijibu sauti kutoka sakafuni. "Magoti yangu yamezoea. Naweza kukaa hivi mpaka kufunga."

"Watasema nimekutendea nini?"

"Sijui, mwanangu. Watu wana mengi ya kusema."

Robo saa baadaye televisheni ya chogo ilikuwa imelala juu ya mkokoteni wa nguo, imefunikwa shuka kama mgonjwa, na Bwana Shiomi mwenyewe akiusukuma.

Ilipowashwa haikutoa picha. Bi Fusae alichomoa kaseti na kuipeleka mdomoni aipulize, kama anavyofanya kila mtu katika nchi ile tangu kaseti zizaliwe. Bi Sadayo alimpiga kofi mkononi.

"Acha! Miaka thelathini mnaitemea mate, halafu mnashangaa inapata kutu!"

Alisafisha meno ya kaseti kwa pamba na spiriti, akaifungua mashine, akabadilisha kidude kimoja kilichovimba kama tumbo la chura, akalehemu bila hata kuvaa miwani. Korongo akaruka kwenye kioo. Zilibaki siku kumi na tatu, na Bi Fusae hakupoteza hata moja.

Siku ya shindano, Jumapili mchana, umati ulijaa chini ya paa linaloufunika mtaa wa maduka. Mpinzani kutoka Kamome alikuwa Bwana Hatakeda, muuza tambi mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Alikuja na mashine mpya na televisheni iliyobebwa mlalo kama ngazi.

"Dada Fusae!" alipaza sauti. "Hilo sanduku lako linaonyesha gemu au linafuga kuku?"

"Linakaanga wauza tambi," alijibu Bi Fusae. "Kaa karibu upate joto."

Mwamuzi, Mwalimu Kuzumi, mstaafu wa hesabu, alipiga kengele. Hatua nne za mwanzo walikwenda bega kwa bega, na macho ya watu yakavutwa na kioo cha Hatakeda kinachometameta. Kisha wakaingia Lango la Mvua.

Kioo cha Bi Fusae kilijaa risasi, na mara mashine ya manjano ikaanza kuhema. Kila kitu kikawa kizito.

"Imechoka! Ifanyieni masaji!" watu wa Kamome walizomea.

Bi Fusae hakusikia. Ndani ya uji ule mzito aliziona risasi moja moja, kama vifungo vya shati, na vidole vyake vikafanya kazi ya miaka arobaini na minne: hiki, na hiki, na hiki. Upande wa pili mvua ya mawe ilimshukia Hatakeda. Ndege ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka kabla hajamaliza kuilaani ya kwanza. Ya tatu ililipuka kwa picha safi kabisa, na vipande vyake vilihesabika.

Ushindi ulikuwa umeshapatikana, lakini Bi Fusae aliendelea. Hatua ya sita. Ya saba. Akabakiwa na ndege moja mbele ya Mama Korongo, adui wa mwisho, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuua katika shindano lile. Mtaa mzima ulibana pumzi. Hata bata wa kuchomwa wa duka la jirani aliachwa aungue. Mama Korongo alifungua mabawa, mashine ikahema, Bi Fusae akahema nayo, akapenya katikati ya risasi mbili zilizoachana unywele, akafyatua. Kioo kikawa cheupe. Kelele zilizopigwa, wanasema, zilisimamisha treni.

"Napinga!" Hatakeda alifoka. "Mashine yake inapunguza mwendo!"

"Sheria inasema kila mtu aje na mashine yake," alisema Mwalimu Kuzumi. "Nawe ulikuwa nayo kama hiyo. Iko wapi?"

Hatakeda alitazama viatu vyake. "Niliibadilisha kwa Shiomi."

Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Bwana Takigawa alikuja, akainama mbele ya wanawake saba, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba chumba ni chao miaka kumi. Bi Sadayo akamnong'oneza aongeze mitano, na kwa jinsi umati ulivyokuwa unapiga makofi, Takigawa akaongeza. Bi Fusae alinyanyuliwa juu kwa juu na kuzungushwa mtaa mzima kama kiti kinachobebwa mabegani siku ya sherehe, akiwapungia watu wa Kamome kwa mikono yote miwili, ile aliyodhani imezeeka.

Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.