Sange na Bendi ya Dimbwi la Nyuma

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo!"
"Mangapi?"
"Mawili mawili!"
"Basi moja nipeni mimi. La pili libaki kwenu, mkiitwa nyumbani msikie."

Hapo kale palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo, ukubwa wake kama panya, ila pua yake ni ndefu na hucheza hata akiwa amelala. Sange huyu alikuwa bado msichana, na kiangazi kile alikuwa na kazi moja tu: kwenda kusikiliza muziki, kisha kutoa maoni.

Chiriku waliimba juu ya mti. Chiri-chiri-chiri! Sange akaenda, akasikiliza, akainua pua. "Wimbo wa kwanza mzuri," akasema. "Wa pili ni ule ule wa kwanza."

Nyenje waliimba kichakani. Nyeee! Nyeee! Sange akaenda, akasikiliza, akainua pua. "Wanajitahidi," akasema. "Lakini hawajui kunyamaza, na kunyamaza ni nusu ya wimbo."

Kigogota alipiga ngoma kwenye gogo kavu. Ko-ko-ko-ko! Sange akaenda, akasikiliza, akainua pua. "Mdomo safi," akasema. "Gogo bovu."

Kiboko aliimba Bwawa Kubwa, na wanyama wote wakaenda. Sange hakwenda.

"Mbona hukwenda?" Kobe alimuuliza.

"Wote walikwenda," Sange akajibu.

Sasa, nyuma ya Bwawa Kubwa palikuwa na dimbwi dogo ambalo halikuwa na jina, basi likaitwa Dimbwi la Nyuma. Huko waliimba vyura wanne. Kiongozi wao alikuwa Bi Kororo, chura mpana mwenye sauti nzito. Wasikilizaji walikuwa watatu: Sange, Kobe na Konokono. Konokono kila siku aliondoka kwake mapema sana, na kila siku alifika wimbo wa mwisho.

Vyura wakaimba. Krro! Krro! Kwe-kwe-kwe! Krro!

Sange hakuinua pua. Alifumba macho.

"Haya binti, maoni yako?" Kobe akauliza.

"Sina."

Kobe alishangaa nusura atoke ndani ya gamba.

Dimbwini pale palikuwa na desturi ya kuwatuza waimbaji. Kila msikilizaji alikuja na jani lenye kumbikumbi wakavu, akaliweka juu ya jiwe bapa mbele ya bendi, na vyura wakala baada ya kuimba. Haikuwa mapambo tu. Kiangazi kikikolea dimbwi hukauka, na vyura hujichimbia kwenye matope wakalala mpaka mvua. Chura akilala ameshiba, mvua humwamsha. Chura akilala na njaa, mvua hunyesha, na yeye haamki.

Sange alilijua jambo hilo. Lakini alikuwa na tatizo moja. Alikuwa na bendi ambayo wengine hawakuijua, na hapakuwa na raha kama hakuna aliyejua kwamba haijui.

"Kuna bendi hamuijui," akawaambia chiriku.

"Ipi hiyo?"

"Nikiwaambia mtaijua."

Akawaambia. Akawaambia nyenje. Akamwambia Kigogota. Wote wakamwambia wote, na siku ya tatu habari ikamfikia Fisi.

Fisi alikuja. Tipwa, tipwa, tipwa. Akawasukuma chiriku, akamruka Kobe, akaketi mbele kabisa. Vyura hawajamaliza hata wimbo wa kwanza, Fisi akanyoosha shingo juu ya lile jiwe. Nyam, nyam, nyam. Kwisha!

"Mjomba Fisi," Sange akasema, "hiyo ni tuzo ya waimbaji."

"Na mimi ndiye shabiki wao mkubwa," Fisi akasema. "Nitazame. Kuna mkubwa kuliko mimi hapa?"

Kwa kweli hakuwapo.

Siku ya pili Fisi akaja tena. Nyam, nyam, nyam. Kwisha! Siku ya tatu wasikilizaji wakaja mikono mitupu, maana hakuna anayependa kumlisha Fisi. Fisi akaguna. "Bendi yenu imeshuka kiwango," akasema, akaondoka.

Vyura walikuwa wamekonda hadi mabega yao yanaonekana. Sange akamwendea Bi Kororo, pua chini.

"Mimi ndiye niliyesema," akakiri.

"Tunajua," Bi Kororo akasema. "Hakuna mwingine ambaye angeweza kusema kiasi hicho."

"Mmebakiwa na siku ngapi?"

"Kesho tunaimba mara ya mwisho. Kisha tunajichimbia."

Sange akakaa kimya. Kwa Sange, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha pua ikaanza kucheza. "Bi Kororo, kesho si ndiyo siku ya Msikilizaji wa Kwanza?"

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya dimbwini. Siku ya mwisho ya msimu hutajwa yule aliyeisikia bendi kabla ya wengine wote. Huyo huketi palepale alipokuwa siku ile ya kwanza, wala hainuki mpaka wimbo wa mwisho uishe. Vyura wakishakula wakashiba, tuzo inayobaki ni yake. Kila mwaka Kobe ndiye aliyetajwa, na kila mwaka alipewa kumbikumbi wawili, akashukuru.

Sange akaondoka mbio kwenda kwa wasikilizaji wote, nyumba kwa nyumba. "Kesho leteni akiba yote," akawaambia. "Lakini ificheni kichakani. Msiitoe mpaka Msikilizaji wa Kwanza ameketi." Kisha akapita mbele ya pango la Fisi, akiongea peke yake kwa sauti ya kutosha: "Kumbikumbi wote wale! Na kitakachobaki ni cha Msikilizaji wa Kwanza!"

Fisi alisikia. Lakini neno "kitakachobaki" lilimpita.

Kesho yake jua likiwa kali, wakakusanyika. Dimbwi lilikuwa limekauka pembeni kote. Katikati lilibaki tope jeusi, zito kama ugali usioiva. Vyura walikaa juu ya jiwe lao.

"Nani Msikilizaji wa Kwanza?" Bi Kororo akauliza.

"Mimi," Kobe akasema. "Niliwasikia mvua za mwaka juzi, nikiwa pale chini ya mti."

"Mwaka juzi!" Sange akacheka. "Kobe, wewe ni mgeni. Mimi niliwasikia walipokuwa bado na mikia."

"Mikia?" Fisi akadakia. "We kapua, unatufurahisha. Mimi niliwasikia hawajaota hata miguu!"

"Wakiwa viluwiluwi?"

"Viluwiluwi hasa!"

"Pole, Mjomba. Mimi nilikuwapo siku viluwiluwi walipoanguliwa. Asubuhi."

Wasikilizaji wakaguna kwa mshangao. Fisi akatazama kichakani, kulikonukia kumbikumbi, akameza mate. Angewezaje kushindwa na kitu kinachotosha ndani ya kiatu?

"Mimi," akasema, "niliwasikia wakiwa mayai."

Kobe akatoa shingo yote nje ya gamba.

"Mayai?" Kobe akauliza.

"Mayai. Mnashangaa nini? Ndipo walipokuwa wazuri. Baada ya kuanguliwa wameharibika."

Sange akainamisha kichwa. "Hapo sina la kusema," akasema. "Mayai sikuwahi kuyasikia. Yaliimbaje, Mjomba?"

Fisi akafikiri. "Plu," akasema. "Plu, plu. Polepole. Nyinyi msingeelewa."

"Basi Msikilizaji wa Kwanza ni Mjomba Fisi!" Sange akatangaza, na wote wakapiga vigelegele. "Bi Kororo, siku hizo mayai yenu yalikuwa wapi?"

Bi Kororo akanyoosha kidole. "Pale katikati."

"Basi kiti cha Mjomba ni pale katikati."

Fisi akatazama tope. Akatazama kichaka. Tope. Kichaka.

"Au labda hukuwapo?" Sange akauliza kwa adabu.

"Nilikuwapo!" Fisi akasema, akaingia. Bwata, bwata, bwata. Tope likamshika magoti. Bwata, bwata. Likamshika tumbo. Akafika katikati, akaketi, tope likamfika shingoni. Fwoop!

"Leteni tuzo," akasema.

Wakaileta. Majani kwa majani ya kumbikumbi yakajaa juu ya jiwe. Vyura wakaimba wimbo wa kwanza. Krro! Krro! Kwe-kwe-kwe! Ulipoisha, wakala.

"Mbona mnakula?" Fisi akauliza.

"Tunaimba tukila kidogo, tunakula tukiimba kidogo," Bi Kororo akasema. "Tulia, Bwana Shabiki. Wimbo wa mwisho bado."

Wakaimba wa pili, wakala. Wakaimba wa tatu, wakala. Kwenye wa nne Fisi akajaribu kuinua mguu mmoja. Tope likasema fyuuu, likaurudisha. Kwenye wa tano akajaribu miguu yote minne kwa pamoja, akazama hadi kidevu. Kwenye wa sita Konokono akafika, akauliza kama amechelewa. Kwenye wa saba, ambao ndio wa mwisho, vyura walikuwa wameshiba hata sauti zao zilitoka matumboni.

Kumbikumbi wawili walibaki. Kobe akawachukua mmoja mmoja, akawapeleka ukingoni, akawatupa kuelekea mdomo wa Fisi. Mmoja aliingia.

Vyura wakajichimbia, wakalala. Wasikilizaji wakaenda zao. Fisi alitoka asubuhi ya siku ya pili, amevaa koti la tope lililomkaukia mwilini. Kila alipopiga hatua lilipasuka. Ka! Ka! Ka! Wanyama wakamsikia akiwa mbali, wakaficha chakula. Kiangazi kizima akawa akisimulia kwamba alikaa kwenye ile shoo mpaka wimbo wa mwisho, na hilo hakuna aliyeweza kulikana.

Mvua ikanyesha. Tope likalainika. Krro! akasema mmoja. Krro! akasema wa pili. Kwe-kwe-kwe! akasema wa tatu. Pakawa kimya kidogo, na Sange aliyekuwa ameketi ukingoni tangu tone la kwanza akashika pua yake kwa mikono miwili. Kisha, kutoka chini kabisa, Bi Kororo: Krrrooo!

Wote wanne.

"Haya binti, maoni yako?" Kobe akauliza.

Sange akainua pua. "Msimu uliopita walikuwa bora," akasema. Halafu akafumba macho, wala hakuyafumbua mpaka mwisho.

Na funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba mtu akienda kusikiliza muziki anyamaze, aache kujifanya mjuzi, tena asiwachokoze wakubwa wake. Siku ile ya mwisho Sange angefanya hivyo, vyura wangekufa wote kwa utulivu na heshima.

Mimi nimefika mwisho. Sikio mliloniazima hili hapa, lichukueni. Lile lingine limesikia nini? Mnaitwa.