Mzigo wa Pili wa Kokubelwa

"Ukionywa, usifungue mzigo, funga wa pili."

Mama yenu ameisema methali hiyo kutoka jikoni, nanyi mkacheka. Shirika la ndege limewaandikia kwamba mvua huenda ikavuruga safari ya kesho, na tayari mmoja wenu amerusha begi kitandani na kununa kama mtu aliyefiwa. Mwingine anasema hayo ni maneno ya kutisha watu tu, yeye halali macho wazi kwa ajili ya mawingu. Halafu mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka humu humu nyumbani, wajukuu zangu. Aliyeisema kwanza ni shangazi wa baba yenu, Kokubelwa, Mungu amlaze pema, nami nilikuwa kando yake. Kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Mnajua mimi ni Mbondei wa Muheza, nikaolewa Uhayani. Kwa hiyo ninayo ruhusa ya kuwasema babu zenu. Ni watu wema, wakarimu, ukifika kwao hata maji hujayanywa wamekwishakupa buni za kutafuna. Lakini majivuno! Mhaya akinunua viatu vipya, kijiji kizima lazima kijue vilitoka duka gani.

Basi, shemeji yangu Rwegasira, kaka wa Kokubelwa, alikuwa akimwoza binti yake, Asimwe, huko Bukoba. Mama yake Asimwe alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na Kokubelwa ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea mpaka akaingia shule. Na katika ukoo ule, binti hatoki kwa baba yake mpaka shangazi amshike mkono na kumvusha kizingiti. Shangazi mwingine Asimwe hakuwa naye. Wakwe walikuwa wanatoka Karagwe, wamchukue Ijumaa kabla jua halijatua, ili Jumamosi asubuhi wafunge ndoa kanisani kwao. Bila mkono wa Kokubelwa, hakuna kutoka.

Kokubelwa na mimi tulikuwa tunaishi Dar es Salaam. Tukakata tiketi za ndege ya Ijumaa alfajiri. Rwegasira kusikia dada yake anakuja kwa ndege, akatangaza kanisani, sokoni na kilabuni. Akakodi wapiga ngoma wampokee uwanjani. Alimwambia kila aliyekutana naye kwamba shangazi wa bibi harusi atashuka kutoka mawinguni.

Alhamisi mchana ukaja ujumbe kwenye simu: mvua kubwa inatarajiwa ukanda wa Ziwa, safari za kesho zinaweza kuchelewa, kubadilishwa au kuahirishwa. Nilimsomea wifi yangu. Yeye alikuwa anakunja busuti yake, lile vazi refu la sherehe, aliyotaka kuvaa harusini. Aliiweka chini, akavuta kiti, akawapigia simu watu wa ndege.

Hakuwagombeza. Aliuliza kwanza kama tungeweza kuondoka siku hiyo hiyo. Wakamjibu kubadilisha ni bure, ila ndege ya jioni imekwishajaa. Akauliza: "Mkishindwa kutua Bukoba, mnatua wapi?" Wakasema Mwanza. "Na tukishafika Mwanza, mtatupeleka kwa gari?" Wakasema hapana, abiria watasubiri mpaka mawingu yafunguke. Akawashukuru, akakata simu.

Mimi nikamwambia, "Wifi, bora tumwambie kaka yako asogeze harusi."

"Kwani ndege imekataa kwenda?"

"Haijakataa."

"Basi na mimi sijakataa kufika."

Akafunga sanduku lake kama alivyokusudia, na vitenge na zawadi na vikorokoro vyote. Kisha akachukua begi la mgongoni la mwanawe, akaanza mzigo wa pili. Busuti aliyokuwa anaikunja aliitia humo, siyo kwenye sanduku. Akatia koti la mvua, mabuti ya mpira, kanga mbili, maandazi, na chupa ya chai. Akampigia mpwa wake Muganyizi aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, akamwambia awe na gari pale uwanjani asubuhi. Muganyizi akauliza, "Na ndege ikitua Bukoba salama, shangazi?" Akamjibu, "Utakuwa umeamka mapema, siyo dhambi."

Mimi nilimwangalia tu. Watu wengi wakionywa hugawanyika mafungu mawili, kama nyinyi hapa. Wako wanaovunjika moyo na wako wanaopuuza. Yule mama hakuwa fungu lolote, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa kweli, ingawa nilikuwa wifi yake miaka mingi.

Ijumaa tukaruka vizuri, jua linawaka. Kufika juu ya Bukoba, chini hapakuonekana ziwa wala migomba. Palikuwa na wingu zito, jeusi tititi. Rubani akazunguka, akazunguka tena, kisha akatangaza kwa upole kwamba hatutaweza kutua, tunakwenda Mwanza.

Uwanja wa Mwanza ukageuka soko. Abiria walimzunguka binti mmoja mfanyakazi wa ndege, wakamfokea mpaka akatokwa machozi. Mzee mmoja aliyevaa suti alimwuliza kwa nini hawakuambiwa. Kokubelwa akapenya katikati yao, begi mgongoni, akamshika yule binti bega.

"Mwanangu, mlituambia jana, na mimi nilisikia. Asante. Sanduku langu likifika Bukoba siku yoyote, mniwekee."

Yule binti alifuta machozi, akacheka. Sisi tukatoka nje, na Muganyizi alikuwa pale, kaegemea gari.

Tulipoketi tu garini, simu ikalia. Alikuwa Rwegasira, na sauti yake niliisikia hata mimi niliyekaa nyuma.

"Dada, msiondoke hapo! Ndege itarudi tu mvua ikikatika. Ngoma ziko uwanjani, wazee wamevaa kanzu, dunia nzima inajua unashuka kwenye ndege. Leo uje kushuka kwenye gari lenye matope kama kuku wa sokoni? Watu watasema nini?"

Kokubelwa hakupandisha sauti. "Ta Rwegasira," akamwita kwa heshima, "mtoto anasubiri ndege, au ananisubiri mimi?"

Nilisikia mvua tu kwenye simu.

"Anakusubiri wewe, dada. Tangu asubuhi hajala."

"Basi mwambie ale. Nimeondoka."

Tukavuka kwa kivuko pale Busisi, tukashika njia ya Geita, Biharamulo, Muleba. Mvua ilikuwa inatufuata kila tulikokwenda. Kila Muganyizi alipotaka kukata tamaa, shangazi yake alimpa andazi. Mbele ya Muleba tukakuta foleni. Lori la ndizi lilikuwa limezama kwenye tope, limelala kukata barabara nzima, hakuna gari linalopita. Watu wamejifungia magarini, wanahurumia viatu vyao vizuri.

Kokubelwa akampigia kaka yake. "Nipo Muleba, lori limeziba njia. Njoo na gari upande wa pili." Tukangoja garini zaidi ya saa nzima, kisha akamwacha Muganyizi na gari lake, akavaa mabuti yake na koti, akafunga begi kwa kanga lisilowe, akalitia kichwani. Mama wa miaka sitini na ushei, akaingia kwenye tope lile mpaka karibu na magoti, mimi nimeshikilia koti lake kwa nyuma nikimwomba Mungu wa Wabondei na wa Wahaya kwa pamoja.

Tulipolipita lori, tukasikia ngoma. Rwegasira alikuwa amesimama kwenye mvua, suti imemganda mwilini, na wapiga ngoma wote nyuma yake. Alikuwa amewatoa uwanjani akawaleta kwenye tope. Alimkumbatia dada yake, naye akachafuka matope kifuani, na hakujali. Nasema ukweli, siku ile nilimsamehe majivuno yake yote.

Ndani ya gari, Kokubelwa akivaa busuti huku amejifunika kanga, Rwegasira akamwuliza, "Dada, ulijuaje kwamba ndege haitatua?"

"Sikujua. Mimi ni mganga? Niliambiwa huenda isitue. Ukionywa, usifungue mzigo. Funga wa pili. Ingetua, ningekuwa nimebeba mabuti bure, na mabuti hayagombi."

Tulifika jua liko ukingoni. Wakwe wa Karagwe walikuwa wamekwishasimama, wazee wao wanaaga kwa maneno ya baridi, mmoja ameshika mlango wa gari. Asimwe alikuwa amekaa peke yake chumbani, mgongo ameupa mlango. Alikuwa amewaambia wote kwamba hatoki hata wakimbeba.

Kokubelwa aliingia. Nywele zilikuwa zinachuruzika maji. Alinyoosha mkono tu.

Asimwe aligeuka, akautazama ule mkono, akautambua, akalia kwa sauti kama mtoto mchanga. "Mama," alimwita. Maisha yake yote alikuwa akimwita shangazi. Siku ile alimwita mama, na nyumba nzima ilisikia.

Wakatoka pamoja, mkono kwa mkono, wakavuka kizingiti. Na mkwe yule aliyekuwa ameshika mlango wa gari aliuachia, akavua kofia.

Ile ndege, kama mnataka kujua, ilirudi Dar es Salaam jioni ile na wote waliokuwa wakiisubiri.

Basi wewe uliyenuna, na wewe unayejifanya shujaa, ndiyo hiyo. Ukionywa, usifungue mzigo. Funga wa pili.