Uzi wa Mjukuu wa Bi Siwema

Hapo zamani, na si zamani sana, maana wajukuu wa wajinga wake bado tunapishana nao njiani, palikuwa na mji ukiitwa Kitondwe. Mji huo ulikuwa na nyumba tatu za kuponya roho. Homa haikutibiwa humo, wala mfupa uliovunjika. Huko alipelekwa mtu asiyepata usingizi, mtu anayelia bila kupigwa, mtu aliyeingiwa na hofu ikakataa kutoka.

Kila nyumba ilikuwa na uzi wa rangi yake. Mtoto akitimiza siku saba alifungwa uzi wa nyumba ya mamake kwenye kifundo cha mkono, na aliyeikosa siku hiyo hakupokewa na nyumba yoyote maisha yake yote, hata awe anajikwaruza uso. Mkubwa aliruhusiwa kuhama, lakini kwanza akate uzi wa zamani na kuitukana nyumba aliyotoka. Kuvaa nyuzi mbili kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba kuku. Hiyo ndiyo sheria waliyojiwekea hao waponyaji wa roho, watu wapole kweli.

Nyumba ya uzi mweupe ilikuwa ya Mzee Makame. Yeye aliamini kila maumivu yana mzizi utotoni. Ukimwendea kulalamika juu ya mumeo, anakuuliza uliachishwa ziwa lini. Nyumba ya uzi mwekundu ilikuwa ya Bwana Kombo. Kwake maneno ni upepo. Unachokiogopa kisogelee leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ukishike. Nyumba ya uzi wa buluu ilikuwa ya Bi Riziki. Yeye alikaa nawe akakusikiliza. Ukisema umechoka, anasema, "Umechoka." Ukinyamaza, ananyamaza, na watu walitoka kwake wakiapa kwamba hawajawahi kuongea na mtu mwenye akili kama yule.

Hao watatu hawakusalimiana. Makame alimwita Kombo mfunza punda. Kombo alimwita Makame mchimba makaburi. Wote wawili walimwita Riziki kasuku, naye Riziki, kwa upole wake, hakuwataja kabisa, jambo lililowaudhi zaidi. Na msichokijua ni kwamba wote watatu walisoma kwa mwalimu mmoja. Mwalimu yule alikuwa akiuliza ya utotoni asubuhi, akimtembeza mgonjwa kwenye hofu yake mchana, akikaa naye kimya jioni, wala hakuona haja ya kuipa kazi hiyo jina. Alipokufa, kila mwanafunzi aliondoka na kipande kilichofundishwa yeye akiwa macho, akakiita elimu nzima.

Sasa, mjini humo alikuwako mkunga mmoja tu, Bi Siwema, wa uzi mweupe. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake. Msimu mmoja wa mvua akamzalisha jirani, mtoto akaja kitovu kimemzunguka shingoni, akafa. Tangu siku hiyo mikono ya Bi Siwema ikaanza kutetemeka. Akisikia mwanamke ana uchungu, anatoka mbio. Na wakati huo binti yake wa pekee, Mize, alikuwa na mimba yake ya kwanza, nyonga zake nyembamba, miguu imevimba. Bi Siwema alijua kwamba asipopona kabla ya siku ya Mize, hakuna mwingine wa kumzalisha.

Akaenda kwa Mzee Makame. Makame akamuuliza ya utotoni. Akauliza leo, akauliza kesho, mpaka likatoka jambo ambalo Bi Siwema alikuwa amelizika. Alipokuwa mdogo alipakatishwa ndugu yake mchanga mwenye homa, mtoto akamfia mapajani, na mama yake akamwambia, "Mikono yako hiyo ina nuksi." Bi Siwema alilia mpaka sauti ikakauka. Akarudi nyumbani mwepesi. Lakini mikono ikatetemeka vilevile, ila sasa ilijua sababu.

Akamwomba Makame ruhusa aende kwa Kombo kwa ajili ya mikono tu. Makame akakasirika kama mtu aliyeombwa mke wake. Basi Bi Siwema akausukuma uzi mweupe juu, chini ya bangili zake, akaenda kwa Kombo, akasema ameukata, akaitukana nyumba nyeupe kidogo kama desturi ilivyotaka. Kombo akafurahi sana, akamfunga uzi mwekundu.

Kombo akampa kibuyu akishike. Akampa kifaranga. Akampa mtoto wa mtu, amevikwa nguo na ameshiba. Akamsimamisha uani kwenye nyumba yenye mwanamke wa uchungu, kisha mlangoni, kisha ndani. Mikono ikatulia. Lakini pale mtoto alipokaribia kutoka, Bi Siwema akakimbia, tena mbele za watu. Aibu ikamfungia ndani, hata kwa Kombo hakurudi. Kombo akasema mwanafunzi mvivu hana dawa.

Bi Siwema akausukuma uzi mwekundu juu, akaenda kwa Bi Riziki, akafungwa wa buluu. Akakaa kimya. Riziki akakaa kimya. Hatimaye Bi Siwema akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu: "Yule mtoto nilimuua mimi." Riziki hakukataa wala hakukubali. Akaishika mikono ile, akabaki ameishika. Kesho yake Bi Siwema alirudi mwenyewe kwa Kombo, akaomba waanze tena kwenye kifaranga.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya harusi moja. Watu wamekaa mkekani, sinia la pilau limeshuka, birika la kunawia linapita. Bi Siwema akanyoosha mkono anawe, akapandisha bangili zisilowane, na nyuzi tatu zikaonekana: mweupe, mwekundu, wa buluu. Mwenye birika akaacha kumimina. Pilau ikapoa watu wakitazama mkono.

Na hapo, jamani, nyumba tatu ambazo hazikuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote zikakubaliana. Waponyaji watatu wakakutana kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mwalimu wao. Hakuna aliyeuliza mikono inaendeleaje. Makame akakata uzi wake, na wa Mize pia, maana ni wa nyumba hiyohiyo. Kombo akakata wake. Bi Riziki, yule msikilizaji, akasema, "Umetuumiza," akakata wake. Kisha wakaachana bila kuagana.

Akatokea kijana aliyeitwa Faki. Huyu alisoma nyumba zote tatu na kufukuzwa zote tatu, kwa kosa la kuuliza nyumba moja maswali ya nyingine. Akaziokota nyuzi zilizotupwa, akazisokota pamoja zikawa kigwe kimoja, akamfunga Bi Siwema. Alipokwisha kusimuliwa habari yote, akamwambia, "Uchungu ukimshika Mize, mkumbuke ndugu yako kwanza, ujue kwamba yule ni yule na huyu ni huyu. Kisha shika kidogo kidogo kama kwa Kombo. Mimi nitakuwa nje ya mlango, nasikiliza."

Siku ikafika. Mize akalia. Bi Siwema akaingia. Na mtoto akatanguliza kichwa, kitovu kimemzunguka shingoni. Kitovu kilekile, shingo ileile. Mikono ikatetemeka. Mize akasema, "Mama, usiniache." Bi Siwema hakukimbia. Akapitisha kidole, akakilegeza kitovu, akakivusha juu ya kichwa, na mtoto wa kike akatoka, akalia. Bi Siwema naye akalia, na mikono ikiwa imetulia.

Mji mzima ukasikia. Na siku ya saba, waliomfukuza wakajaa mlangoni, kila mmoja na uzi mkononi. Desturi ilisema mtoto ambaye mamake hana uzi hufungwa na aliyewafaa wazazi wake. Sasa kila mtu alikuwa amewafaa.

Mzee Makame akasema, "Nilichimbua mzizi. Bila mimi angekuwa anapigana na maiti asiyoijua. Mtoto ni wa uzi mweupe."

Bwana Kombo akasema, "Kulia hakulegezi kitovu. Vidole vile nilivifundisha mimi, kuanzia kibuyu. Mtoto ni wa uzi mwekundu."

Bi Riziki akasema kwa sauti yake ya upole, "Alikuwa amejifungia ndani. Ni nani aliyemrudisha kwa Kombo? Mtoto ni wa buluu."

Faki akasema, "Ninyi mlimkata. Vipande vyenu niliviunganisha mimi. Mtoto ni wa kigwe." Na watu wakataka kumshangilia, mpaka wakaambiwa habari na waliopita kwake asubuhi. Faki alikuwa ameshafungua nyumba ya nne, ameweka mlango mzuri, na ameshatangaza sheria: aliyevaa kigwe asikanyage nyumba zile tatu, maana kila kilichomo humo tayari kimo kwenye kigwe. Kuna mgonjwa alikuwa ameshamrudisha, kwa sababu alimwona akitoka kwa Kombo.

Bi Siwema akawasikiliza wote, mjukuu mapajani. Kisha akasema, "Mzizi ni wangu. Vidole ni vyangu. Siri ilikuwa yangu, na aliyekwenda nyumba hadi nyumba amejificha ni mimi. Kama kuna wa kumfunga mtoto, ni mimi." Akachomoa uzi kwenye kanga yake. Lakini uzi wa kanga hauna nyumba. Akimfunga huo, na siku moja hofu imwingie binti huyu kama ilivyomwingia bibi yake, atabisha mlango gani?

Mize akakinyoosha kile kimkono. Kilikuwa chembamba, hakina nafasi ya zaidi ya uzi mmoja, na jua lilikuwa linashuka siku ya saba.

Mimi nimewaeleza nilivyosikia, wala sijamficha mtu. Kuna aliyechimbua, kuna aliyefundisha, kuna aliyeshika mikono, kuna aliyesokota, na kuna mwenye mikono yake. Wanne kati yao, kila mmoja amewahi kumfungia mgonjwa mlango. Nyie mnaotikisa vichwa hapo, na nyuzi zenu nimeziona mlivyozificha kwenye mikono ya kanzu, niambieni kabla jua halijazama. Je, nani alistahili kumfunga mtoto yule?