Dawa ya Nyoka Iliyogawanywa Mara Tatu

Wajukuu, niwape nisiwape?

Tupe, bibi!

Basi kaeni vizuri. Sayi, acha kumfinya mwenzako. Zamani, zamani ile mito ilipokuwa bado haijapewa majina, palikuwa na kijiji chenye nyoka wengi kuliko kuku. Hapo palikuwa na chama cha waganga wa nyoka, watu watatu tu: Masanilo, Kadashi na Ng'wigulu.

Dawa yao ilikuwa moja, ila waliigawa mara tatu, mtu asije akaiiba. Masanilo alijua mzizi. Kadashi alijua jani. Ng'wigulu alijua kipimo. Wakaapa kwamba mwanachama asijue cha mwenzake. Mtu akiumwa na nyoka, kila mganga anaingia kibandani peke yake, anafanya lake, anatoka. Anaingia, anafanya lake, anatoka.

Siku moja Masanilo, kwa uchovu, akakaa juu ya kapu lake la nyoka. Kifuniko alikuwa amekisahau. Akaumwa. Wapi? Msicheke! Ndiyo, huko huko.

Akalala kifudifudi, jasho linamtoka, hawezi hata kusimama.

"Ni mzizi gani, Masanilo?" Kadashi akauliza.

"Siwezi kukwambia. Tuliapa."

"Basi nenda ukauchimbe."

"Nitaendaje na makalio haya?"

Ng'wigulu akashusha pumzi. "Kiapo ni kiapo, ndugu yangu. Tutakulilia vizuri."

Hapo Nkwimba, mke wa Masanilo, akaingia kama upepo. "Nyie wazee! Mume wangu anakufa, nyie mnalinda majani? Kiapo kinasema mwanachama asijue. Mimi ni mwanachama?"

Wakatazamana. "Hapana, shemeji."

"Haya, leteni midomo hapa!"

Wakamnong'oneza, mmoja, wa pili, wa tatu. Nkwimba akakimbia, akachimba, akaponda, akapima, akamnywesha. Jua lilipoanza kushuka, uvimbe nao ukashuka. Masanilo akaomba ugali. Akala amesimama!

Kadashi akashika kichwa. "Sasa shemeji anajua yote! Tumekwisha!"

"Hamjaisha," Nkwimba akasema. "Kesho nitafundisha kila nyumba kuchuma jani, kuponda na kupima, na kila nyumba itaweka mzizi mkavu ndani ya chungu. Lakini mahali unapochimbwa tutajua sisi wanne tu. Watu wote wakipajua watang'oa mizizi yote, na mwakani tutachimba vumbi."

"Sisi wanne?" Masanilo akashangaa. "Wewe umeingia chamani lini?"

"Kula, mume wangu. Ugali unapoa."

Tangu hapo hakufa mtu pale kwa kungoja kiapo, wala mzizi haukuisha porini. Basi wajukuu, kinachookoa watu, kila nyumba ikijue. Kinachoweza kumalizwa na wengi, wachache wakitunze. Na kabla hamjaficha jambo, jiulizeni mnamficha nani.

Kisa nimekitua kichwani. Anayekitaka akibebe, shingo yangu imechoka.