Mhuri wa Goti

Goti la Bi Nyamizi, mama lishe, lilivimba kama boga. Hospitali ilitaka fomu yenye mhuri wa Bwana Lubasha, afisa wa bima, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Akapanda akitambaa.

"Umepanda mwenyewe?" Lubasha alishangaa. "Basi goti ni zima. Sigongi."

"Na nisingepanda?"

"Mgonjwa lazima aje mwenyewe."

Bi Nyamizi akashukuru, akashuka kwa makalio.

Saa saba mchana harufu ya pilau ya Bi Nyamizi, aliyepikia chini ya jengo hilohilo, ilipanda ghorofani. Pilau yenyewe haikupanda. Lubasha akateremka mbio, mhuri mfukoni, maana hakuuacha hata akienda msalani.

"Sahani yangu, mama!"

"Umeshuka mwenyewe, baba? Basi umeshiba. Sipakui."

"Na nisingeshuka?"

"Mwenye njaa lazima aje mwenyewe."

Tumbo la Lubasha likanguruma.

"Goti gonjwa sana hilo," alisema, akiigonga fomu mhuri juu ya mfuniko wa sufuria.