Nguchiro na Mtetemo wa Heroe

Hapo zamani za kale, enzi nguchiro wakifunga kanga na viboko wakipiga pasi mashati yao, kulikuwa na ziwa la magadi. Maji yake hayanyweki, kingo zake nyeupe pe, na pembeni palikuwa na chemchemi ya maji moto inayotokota bwata! bwata! bwata! Wewe unayechokonoa pua huko nyuma, acha, sikiliza. Hadithi hii haifundishwi shuleni, ndiyo maana mimi naijua.

Ziwani hapo waliishi heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama mianzi. Hakuna aliyecheza kama wao. Mwezi ukiandama, alasiri, Kigong'ota alipiga gogo lake ko-ko-ko! na heroe wakaingia uwanjani kwa mstari, shingo juu, mguu huu, mguu ule. Tembo alikuja. Kiboko alikuja. Nyati alikuja na mto wa kukalia. Kima walikaa mitini, kwa sababu kima hawajui kukaa pengine.

Aliyewaongoza ni Fundi Maringo. Yule bwana alikuwa mzee, lakini manyoya yake yalizidi kuiva mwaka hadi mwaka. Wenzake wanapauka, yeye anang'aa! Watu wakamwangalia midomo wazi. "Huyo," walisema, "sanaa imemwingia mpaka kwenye ngozi."

Na mwisho wa ngoma ulikuja Mtetemo. Vijana walisimama kwa mguu mmoja, wakakunjua mbawa, wakatetemeka kuanzia shingoni mpaka kidoleni: trrrrrr! Hapo Tembo mzima, na ukubwa wake wote, alitafuta kitambaa apenge kamasi.

Sasa, kwa ushabiki, kulikuwa na Nguchiro, halafu hakuna wa pili. Ngoma ikilia, aliacha chungu motoni, ugali ukaungua, hajali. Vigelegele vyake vilivuka ziwa vikarudi. Mwaka mmoja alipiga mpaka sauti ikakauka, na Fundi Maringo akamtunuku unyoya mmoja wa waridi. Tangu siku hiyo Nguchiro aliuchomeka sikioni, akalala nao, akaoga nao.

Tena alikuwa na heshima nyingine. Mnajua desturi ya ngoma: mchezaji akikukosha, unaingia uwanjani na kanga yako, unamfuta jasho. Kuikataa kanga ya shabiki ni kumtukana mbele za watu. Lakini Fundi Maringo aliweka sheria: vijana wasiguswe. "Rangi yao bado changa," alisema. "Nifuteni mimi." Na aliyemfuta yeye alikuwa Nguchiro peke yake, taratibu, usoni tu, kama anafuta yai.

Sheria nyingine: wingu likitokea, ngoma imevunjwa. Nani aliuliza kwa nini? Hakuna. Mashabiki hawaulizi.

Basi siku moja, jua la utosi, Nguchiro alikwenda chemchemi kufua ile kanga yake ya ngoma. Nyuma ya jiwe akasikia: sss! aah! sss!

"Hodi hapo! Nani anakaangwa?"

Alikuwa Mwajabu, yule heroe msichana wa mstari wa mbele. Alishtuka, akajifunika kwa bawa. Alichelewa. Nguchiro aliona mgongo: ngozi tupu, nyekundu, madonda mabichi kama nyama ya buchani.

"Mwanangu! Nani kakufanya hivi?"

"Nilianguka, shangazi."

"Ukaanguka, ukanyonyoka? Mimi nimeanguka kuliko wewe, mbona mkia ninao?"

Mwajabu alicheka kidogo. Kile kicheko kikamvunjia ukuta, akalia.

"Sisi tunazaliwa rangi ya majivu," alisema. "Waridi likianza kutoka, Fundi anamwita mtu nyuma ya matete. Anasema manyoya ya kwanza ni haki ya mwalimu. Anang'oa, shangazi. Anang'oa moja moja, anajibandika kwa gundi ya mgunga. Halafu anatupaka magadi ili ngozi isionekane."

"Magadi? Juu ya kidonda?"

"Yanawaka kama moto. Ukitembea unaweza kuvumilia. Lakini mwisho wa ngoma, ukisimama mguu mmoja na mbawa wazi, upepo unaingia... ndiyo tunatetemeka."

Nguchiro alisimama na kanga inamchuruzika miguuni, chururu, chururu. Mtetemo. Ule ule. Alioupigia vigelegele mpaka akapoteza sauti.

"Mbona hamkusema?" aliuliza, na akatamani jibu lisije.

"Somoe alisema. Alimwambia Mzee Tembo. Mzee Tembo akaenda kumuuliza Fundi mwenyewe. Kesho yake Somoe hayupo kwenye kikundi. Wewe shangazi uliuliza, yule mwenye shingo ndefu kuliko wote yuko wapi? Fundi akajibu, mvivu yule, nimemfukuza. Mkacheka wote."

Nguchiro alikumbuka kile kicheko. Kilikuwa cha kwake zaidi.

Alirudi nyumbani. Msidhani aliamini papo hapo, thubutu! Moyo wa shabiki ni mbishi kuliko punda. Alijiambia, labda mtoto kadekezwa. Labda ni ukurutu. Akavuta unyoya sikioni ajifariji. Akautazama shina, kwa mara ya kwanza. Nguchiro alikuwa mshonaji mito, aliokota manyoya yaliyodondoka kila siku, na unyoya uliodondoka wenyewe shina lake ni safi. Huu ulikuwa na damu nyeusi, iliyokauka ndani ya shina.

Siku hiyo hakupika. Aliketi mlangoni, akalia kimya, kama aliyefiwa na mtu ambaye bado anatembea.

Kulipokucha akaenda kwa wakubwa.

Tembo alikuwa anapiga mswaki meno yale marefu, kazi ya asubuhi nzima. "Wee kidudu," alisema, "Fundi nilimuuliza zamani. Akakataa. Mtu mwenye mwendo ule anaweza kudanganya?"

"Mzee Tembo, mwendo ni wa miguu! Uongo unakaa mdomoni!"

"Toka, usinimwagie maji."

Kiboko alikuwa anapiga pasi. "Watoto wa siku hizi! Ukiwagusa, wanalia. Sisi tulifundishwa kwa fimbo na tukanyooka."

"Umenyooka wapi, Bwana Kiboko, na tumbo hilo?"

"Toka!"

Mama Nyati naye hakuinua hata pembe. "Mimi nakwenda kutazama ngoma, siendi kutazama migongo. Usiniharibie furaha yangu, nina moja tu."

Hilo la mwisho lilimchoma Nguchiro kuliko matusi, kwa kuwa juzi tu angelisema yeye.

Haya. Wakubwa wana nguvu, lakini hawana masikio ya kutosha, hata huyo mwenye makubwa. Nguchiro akakaa akawaza. Wasichotaka kusikia, watakishika kwa mikono yao wenyewe.

Ilipobaki siku moja kabla ya ngoma, alirudi kwa Tembo, kainama, sauti ya asali.

"Mzee Tembo, nisamehe. Nilikuwa na homa, niliropoka. Tena nimetumwa. Fundi amesema: kesho Mtetemo ukianza, kijana wa kwanza afutwe jasho, na anayestahili ni mmoja tu, Mzee Tembo."

"Mimi?" Masikio yakapepea, pwa! pwa!

"Wewe. Ila siri. Kiboko akisikia atanuna mwezi mzima. Kanga nitakuletea mimi mwenyewe, imeloweshwa tayari."

Akaenda kwa Kiboko: "Anayestahili ni mmoja tu, Bwana Kiboko. Ila siri, Nyati akisikia atavunja viti." Akaenda kwa Nyati: "Anayestahili ni mmoja tu, Mama Nyati. Ila siri, Tembo akisikia atalia." Kila mmoja akalala akitabasamu. Wakubwa hawa! Ukiwaambia ukweli wanakufukuza, ukiwasifu wanakukaribisha uji.

Siku ya ngoma, Nguchiro alilowesha kanga nne kwa maji moto ya chemchemi. Magadi na gundi, vyote haviyawezi maji, sembuse ya moto; ndiyo maana Fundi aliogopa wingu. Mfua nguo asiyejua hilo nani?

Ko-ko-ko! Heroe wakaingia. Na mbaya zaidi, siku hiyo walicheza vizuri kuliko siku zote. Nguchiro alitazama kila hatua, na zote alizijua kwa moyo. Bado aliipenda. Hilo ndilo lililomuuma: bado aliipenda.

Vijana wakasimama kwa mguu mmoja. Mbawa zikakunjuka. Trrrrrr!

Puu! Tembo akaingia uwanjani na kanga. Puu! Kiboko naye. Puu! Nyati.

"We Kiboko, umefuata nini?"

"Nimealikwa! Na wewe?"

"Nyie wote tokeni, nimealikwa mimi!"

"Msiwaguse!" alifoka Fundi Maringo. "Sheria! Msiwaguse vijana!"

Lakini nani amzuie tembo aliyekwisha kusifiwa? Mkonga ukashuka mgongoni kwa Mwajabu, kanga ikapita, chwaa. Magadi yakayeyuka yakatiririka. Mwajabu akapiga kelele: "Ayaa! Mama yangu!"

Tembo akarudi nyuma, anatetemeka yeye sasa. "Nimemuumiza? Mimi? Nimefuta tu!" Akaitazama kanga. Ilikuwa na damu.

Kiboko alikuwa ameduwaa mbele ya mgongo mwingine, mtupu vile vile. Nyati alikuwa ameangusha kanga yake, anasema "Lo! lo! lo!" wala hawezi kusema jingine. Kigong'ota akaacha gogo.

"Wananyonyoka wenyewe!" alisema Fundi Maringo, shingo juu. "Ni umri. Kila heroe hunyonyoka. Mimi mwenyewe nilinyonyoka."

"Kweli Fundi wangu," alisema Nguchiro, akasogea na kanga ya nne. "Lakini umetoka jasho jingi. Inama nikufute, kama siku zote."

Macho yote yakamgeukia. Kuikataa kanga ya shabiki, tena shabiki wa kwanza, mbele ya ziwa zima? Fundi Maringo aliinama.

Nguchiro alimfuta usoni, taratibu. Kisha shingoni. Kisha, mahali ambapo hajawahi kugusa, kifuani na mgongoni. Gundi ikalainika. Unyoya wa kwanza ukadondoka. Wa pili. Halafu yakamiminika, chwe, chwe, chwe, manyoya ya waridi yakajaa miguuni pake, na chini yake akabaki ndege mzee, mweupe, mwembamba, anayeona baridi.

Nguchiro hakucheka. Alikuwa akifuta huku analia.

"Nguchiro," alinong'ona Fundi. "Wewe? Wewe shabiki wangu?"

"Ndiyo maana nimekufuta mwenyewe," alijibu. "Sikutaka akufute asiyekupenda."

Nyati alikwaruza ardhi kwa kwato, kwaru! kwaru!, anataka kumkanyaga. Mwajabu akasema, "Mwache aende. Nataka kuona mgongo wake tu." Basi mzee akaondoka, akavuka ule weupe wa magadi kwa mwendo wake mzuri. Ndiyo, mzuri. Hata pale ulikuwa mzuri, na hakuna aliyepiga kofi.

"Sikujua," alisema Tembo, masikio yameanguka.

"Ulijua, Mzee Tembo," alisema Mwajabu. "Somoe alikuambia."



Miezi ikapita bila ngoma. Chungu cha Nguchiro hakikuungua tena, na ugali haukuwa na ladha. Manyoya ya vijana yalipoota, Mwajabu akawakusanya wenzake, wakacheza tena. Mguu huu ukawahi, mguu ule ukachelewa. Mwisho walisimama kwa mguu mmoja, wakakunjua mbawa, wakatulia tuli. Basi.

"Mtetemo uko wapi?" Kiboko alinung'unika. "Siku hizi hawajui."

"Funga domo hilo!" Nguchiro alimrukia. Lakini aliinamisha kichwa, maana macho yake nayo yalikuwa yameutafuta.

Akaingia uwanjani na kanga kavu. Hakufuta kwanza. "Mwajabu mwanangu, unaumia?"

"Hapana shangazi. Nimechoka tu."

Ndipo akamfuta. Kisha akachomoa unyoya sikioni. "Chukua. Ni wako huu?"

Mwajabu aliugeuza geuza. "Si wangu. Huu wa Somoe. Yeye waridi lake lilikuwa hivi, na ncha nyeusi kidogo."

"Yuko wapi?"

"Hakuna anayejua."

Nguchiro akaufunga unyoya kwenye pindo la kanga. Na kila ngoma, mpaka alipozeeka, alisimama mwisho kabisa wa watu, anatazama upande wa matete, kama atatokea mwenye shingo ndefu aje kuchukua kilicho chake. Hakutokea.

Nimeitua hapa hadithi yangu, nendeni mkalale, na mkumbuke: ukimpenda mchezaji, muulize kama anaumia kabla hujampigia makofi.